Nyumba Isiyopiga Sufuria

Masika mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini wewe uko chumba cha pili na mama yako, nawasikia mkibishana ni blanketi gani liingie kwenye mzigo na lipi libaki. Nikikusalimu kwa karatasi utanicheka. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mama yako atanikatiza kabla sijafika popote, na wewe utasema, "Papa, unaanza tena." Ndiyo, naanza tena, na safari hii hamwezi kunikatiza.

Ya sabuni, ya chakula, ya kutojibu kila dereva anayekuchekea, hayo mama yako ameyasema na atayasema tena asubuhi gari likiwa limeshawashwa. Mimi nina jambo moja tu. Kesho utalala Beni katika nyumba ya Mama Katembo, na Mama Katembo ni mwanamke ambaye alifukuzwa katika avenue yetu kwa maneno yangu mimi baba yako. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Unamkumbuka kama yule mama wa sombe, aliyekuwa akikuongezea majani ya muhogo kila ulipotumwa kununua. Tulikuambia alihama. Hakuhama. Na leo namkabidhi mtoto wangu, kwa sababu shangazi yako aliyekuwa Beni amekimbilia Uganda, na wengine wote tunaowajua kule nyumba zao zimejaa watu waliokimbia vijiji. Shule yenu ya uuguzi haina mahali pa kulala. Yeye peke yake ndiye aliyesema njoo. Tangu aliposema hivyo sina raha, kwa maana sielewi kwa nini alikubali.

Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu kwa furaha najiuliza anataka nini, asiponisalimu najiuliza amefanya nini. Mama yako husema siku ya kuzikwa kwangu nitafungua jicho moja nione nani analia kwa uongo. Acha aseme. Sikuzaliwa hivi, kazi na vita vimenifanya hivi.

Zamani watu wa mtaa wetu huu wa Mususa, hapa Butembo, walikuja kwangu kutaka mlango wa kuzuia mbuzi na baridi. Mbao, bawaba, kitasa, basi. Halafu vita vikaja, na mji ukawa unabadilisha wakubwa, leo askari hawa, kesho wale, na kila waliokuja walitukuta na njaa yao. Hapo ndipo milango yangu ikaanza kuwa minene. Lori likifika kutoka mpakani Kasindi na mali ya mfanyabiashara fulani, chumvi, vitenge, betri, haikupita muda nyumba yake ikavunjwa. Asubuhi yake majirani zake watatu walikuwa wamesimama mbele ya karakana yangu wakitaka mlango wa mti mgumu wenye chuma ndani kinachoingia ukutani. Nitakuambia ukweli ambao hata mama yako sikumwambia: miaka ile tulikula vizuri. Hofu ya watu ndiyo iliyokununulia madaftari. Na mtu anayeishi kwa hofu ya watu huanza kuichochea bila kujijua. Nilikuwa nikipita kwa jirani nauliza tu, "Umesikia ya kule juu?" na uso wake ukibadilika nilijua kesho atakuja.

Unakumbuka sufuria. Nyinyi watoto mlizipenda. Tulikubaliana avenue nzima kwamba mtu akisikia wezi, apige sufuria kwa mwiko, jirani akisikia naye apige, na jirani yake, mpaka mtaa wote ulie na wezi wajue tumeamka. Mara nyingine walikimbia kweli. Mara nyingine walimaliza kazi yao taratibu huku tukiwapigia ngoma. Lakini tulijisikia tuko pamoja, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule.

Asubuhi tulikwenda kutoa pole kwa aliyeibiwa. Hapo sasa ndipo sumu ilipokuwa. Aliyefika wa kwanza tulimtazama vibaya, habari ameijuaje mapema hivyo? Aliyechelewa tulimtazama vibaya zaidi. Aliyelia sana tulisema anazidisha. Tulikaa kwenye viti vya mtu aliyepigwa mateke usiku, tunakunywa chai yake, na kila mmoja anamhesabu mwenzake kwa macho. Mimi nilikuwa bingwa wa kazi hiyo.

Na nje, kwenye tope, zilikuwapo alama za mabuti. Sikia hili vizuri. Alama za mabuti ya askari, kutoka barabarani mpaka mlangoni na kurudi. Kila mtu aliziona. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyechukua ufagio akazifagia kabla shefu wa avenue hajafika, na sisi tulisogeza miguu ili afagie vizuri. Ungesema nini, na ungemwambia nani? Mwenye mabuti ndiye uliyepaswa kumpelekea mashtaka.

Basi ukishafagia ukweli bado unabaki na hasira, na hasira lazima ipate mahali pa kukaa. Tukaanza kusema wezi wana mtu wao ndani ya mtaa, mtu anayewaambia lori la nani limefika. Kila mtu alitafuta huyo mtu. Siku moja, tunatoka misa, jirani mmoja akanishika mkono kwa upole, mtu wa kusali kweli.

"Fundi, ile mulango ya kule juu ni weye ulitengeneza?"

"Ni mimi."

"Bale batu balijua chuma ya ndani inaishia wapi. Balipiga pale pale."

Alikwenda kusalimu wengine. Mimi nilibaki pale nikihesabu milango, maana alisema kweli: milango iliyovunjwa mingi ilikuwa ya mkono wangu, kwa sababu milango mingi ya mtaa ilikuwa ya mkono wangu. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula. Nilijua namna tunavyofikiri, nilikuwa nimesaidia kuwafundisha wenzangu. Ikiwa leo wameanza kunitazama mimi, kesho watakuja na mawe.

Mama Katembo alikuwa amefika kwetu kutoka Manguredjipa. Mume wake alifukiwa katika shimo la dhahabu, kisha wenye bunduki walipoanza kugombania mashimo yenyewe akachukua watoto akaja mjini. Alipanga kile chumba cha udongo mwishoni mwa avenue, karibu na mto, akawa anatwanga sombe na kuuza. Mlango wake ulikuwa kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba. Nilikwenda kumwambia naweza kumtengenezea mlango kwa mbao za mabaki, nilijiona mwema siku hiyo. Akacheka.

"Papa, baibe nini humu? Batoto?"

Mimi sikucheka. Nilirudi nikiwaza kwamba mtu asiyeogopa wezi ana sababu ya kutowaogopa. Unaona akili hiyo? Mtu hana kitu, mimi nikaona ana siri. Kisha nikaanza kusikiliza. Sufuria zilipolia usiku nilikuwa natega sikio upande wa mto, na kila mara upande ule ulikuwa kimya. Nyumba zote zinalia, ile moja hailii. Na anatoka Manguredjipa, ambako askari wote wanapita. Nikaunganisha hiki na kile, nikapata mlango mzima, umefungwa vizuri, hauna hata ufa.

Jumapili shefu wa avenue alituita baada ya misa, akauliza nani anajua kitu. Nikaona yule jirani wa kusali ananitazama. Ndipo nikasema:

"Kuko nyumba moja haipigake sufuria."

Sikutaja jina, na sikuwa na haja. Watu waligeuka wote kutazama upande wa mto. Mama mmoja akasema hata yeye alishaona, mwingine akasema yule mwanamke anauliza sana habari za malori. Bila shaka aliuliza, alikuwa anauza mboga, lori likifika ndipo wapakuzi wanakula. Lakini siku hiyo kila kitu alichowahi kufanya kiligeuka kuwa ushahidi.

Tulikwenda mchana ule ule, shefu mbele, mimi nyuma yake. Tulipekua chumba. Mkeka, kikapu, bidoni ya maji, kinu, nguo za watoto. Hakukuwa na kitu cha mtu. Shefu akatoka akamwambia hata hivyo mtaa hauna imani naye tena, afadhali atafute pengine, leo leo kabla jua halijazama, asije akaumizwa. Alisema kama mtu anayemfanyia wema. Mama Katembo alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, sombe ikiwa motoni.

"Shefu, muache kwanza sombe iive. Batoto habayakula."

Shefu akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza. Nikatazama chini. Basi yule mama akaipua nyungu, akamwaga sombe mbichi kwenye majani ya migomba, akakaa karibu nayo. Ilikuwa nyungu ya udongo, nyeusi kwa moshi, ile ya bibi zetu. Wewe umepika kwa sufuria maisha yako yote, hujui: nyungu ya moto huwezi kuibeba, na ukiimwagia maji baridi inapasuka. Lazima uingoje. Na alikuwa na hiyo moja tu, hakuna chombo kingine cha kupikia mle ndani, tulikuwa tumetoka kupekua. Kwa hiyo avenue nzima tulisimama tukingoja nyungu ipoe.

Masika, nilielewa pale pale. Mtu hawezi kupiga nyungu kwa mwiko ikalia, na akiipiga sana anaivunja, halafu watoto watakula nini? Nilielewa kabla haijaanza kupoa. Nilipoinua macho niliona shefu naye anaitazama, na yule jirani wa kusali, na wale wamama. Sidhani nilikuwa peke yangu. Tulikuwa na muda wa kutosha, mtu yeyote angeweza kusema, "Jamani, huyu hana sufuria." Neno lenyewe lilifika kooni mwangu. Nikafikiri, nikilisema, macho yatarudi kwangu. Nikalimeza.

Ilipopoa aliifunga kwa kitenge, akaiweka kichwani, akashika watoto, akachukua njia ya Beni. Mama yako alimkimbilia akampa viazi na shuka. Aliporudi hakunisemesha, na kwa muda mrefu alikuwa akiniwekea sahani bila neno. Mimi nikasema ni hasira za wanawake.

Wezi walikuja tena kabla mvua hazijakwisha. Sasa hakukuwa na nyumba iliyonyamaza, avenue yote ililia mpaka mwisho wake, na wao walivunja na kuchukua na kwenda, na asubuhi tulifagia mabuti yao. Hakuna aliyetaja jina la Mama Katembo. Hakuna aliyelitaja mpaka leo.

Sasa miezi hii ndipo nikagundua mama yako anajua alipo. Kumbe yule mwanamke ana kibanda chake Beni, anafanya biashara ya mawese, anapandisha bidoni zake mpaka soko la Butembo, na mama yako amekuwa akikaa naye kwenye benchi moja sokoni wakati mimi nadhani anauza maharage tu. Hata katika nyumba yangu kulikuwa na siri, mimi niliyemshuku kila mtu sikuiona. Mama yako ndiye aliyemwomba akupokee. Niliposikia nilikataa. Kisha nikaona huna mahali pengine, nikaenda mwenyewe sokoni nimtazame usoni.

Amenenepa kidogo. Alikuwa anapima mafuta, akanitambua kabla sijafungua mdomo.

"Ule papa wa milango."

"Ni mimi. Mama, mutoto wangu atakuja kusoma kule kwenu."

"Mama yake alishaniambia. Akuye kwangu."

"Juu ya nini unakubali?"

Akaendelea kupima. "Mutoto anatafuta fasi ya kulala. Kuko question gani tena?"

Nikasogea karibu, nikamwuliza kitu ambacho kimenikaa miaka yote hii. "Ile siku, juu ya nini haukusema kama hauna na sufuria?"

Hapo aliacha kupima. Alinitazama, si kwa hasira, bali kama unavyomtazama mtu anayeuliza njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

"Niseme nini, papa? Mulisimama bote mbele ya nyungu mpaka ikapoa."

Kisha mteja akaja na chupa yake, akamhudumia. Sikuweza kuomba msamaha mbele ya watu wa soko. Ukiniuliza kama ningeuomba tungekuwa wawili tu, sina hakika nalo hilo. Nimeona haya, mwanangu. Nimeona haya mpaka leo, na haya hiyo haijaniponya ugonjwa wangu. Unajua nilifanya nini kesho yake? Nilimwomba dereva mmoja apite mtaa wa Mama Katembo kule Beni, aulize kwa chinichini: anaishi na nani, nani anaingia pale, majirani wanasemaje. Alirudi akasema ni mama wa kazi na sala, watoto wana adabu. Nikamtuma tena. Aliporudi mara ya pili akaniambia, "Fundi, unataka nipate kitu gani? Niambie, nitakuletea." Ndipo nikaona haya mbele ya dereva pia.

Sikuambii usimshuku mtu. Ningekuwa mwongo, na mji ule si salama kuliko huu. Njiani kwenye vizuizi usimwambie askari yeyote utalala wapi, hata akisema anatoka kijiji cha mama yako. Mtu akikuuliza unarudi saa ngapi, mwambie saa ambayo si yenyewe. Shuku, nimekuruhusu. Lakini utazame kidole chako kinakwenda upande gani kwa wepesi. Sisi kidole chetu kilikwenda mwisho wa avenue, kwenye kile chumba cha udongo, kwa sababu kule hakukuwa na mtu wa kutujibu. Kwenye mabuti hakikuthubutu kugeuka hata mara moja. Tulijiita watu waangalifu, na tulikuwa waoga tu.

Na kule wewe ndiye utakuwa mgeni. Watakuona unatoka na kuingia, watasema huyu binti wa Butembo ni nani, anamletea nani habari. Kikipotea kitu kwa jirani watatazama nyumba ile, na yeye amekwisha kuijua hali hiyo. Hilo ndilo lililonipiga leo mchana nilipokuwa nakufungia sanduku lako kwa misumari. Nimekuwa nikimshuku kwa sababu anakupokea, nikiuliza anapata faida gani, anataka kulipiza nini. Sikuwahi kuuliza anahatarisha nini. Ukiugua, ukipotea, ukipatwa na lolote katika mji ule wenye bunduki nyingi, mtu wa kwanza nitakayemnyooshea kidole ni yeye. Mususa wote watanisadiki, kama walivyonisadiki siku ile. Anajua hivyo kuliko mimi. Ameshanijua, alinitazama sokoni akajua sijabadilika, na bado akasema akuye.

Nimetafuta ubaya katika jibu hilo kama fundi anayetafuta ufa, nimeligeuza huku na huku, sijaupata. Basi nenda. Msaidie kazi, na usimweleze kwamba nimekuandikia haya.

Jambo la mwisho, na hili ni ombi, si amri. Ukifika, tuma habari siku hiyo hiyo kwa dereva wa kwanza anayepanda Butembo. Halafu tuma nyingine, usingoje mpaka uwe na la kusema. Ukikawia kidogo nitaanza, najijua, nitakaa hapa karakanani nitaunganisha hiki na kile, na kabla ya Jumapili nitakuwa nimeshamhukumu yule mama. Usiandike kwa ajili yangu. Andika kwa ajili yake.

Baba yako